Maswali Yenu kwa Dokta wa Wanyama: Tunahama, Paka Naye Je?

Meseji za safari hii karibu zote ni za kuhama. Nimechukua nne tu, maana nyingi zinafanana, kwa hiyo kama yako huioni soma majibu ya wenzako, naamini utajikuta humo.

Swali: Dokta shikamoo. Nina paka wawili, dume na jike, na mwisho wa mwezi tunahama. Mara ya mwisho tulipohama dume alijibana nyuma ya friji akakataa kula, jike ndo kabisa, alitoroka tukaja kumkuta nyumba ya zamani analia mlangoni. Safari hii nifanyeje jamani? – Mama Paka

Jibu: Marahaba mama. Huyo jike wala hakuwa mkaidi, alikuwa anarudi kwake. Paka nyumba anaijua kwa pua. Muangalie anavyosugua mashavu kwenye kona ya kabati, kwenye miguu ya meza, kwenye mguu wako ukirudi kazini, hapo anapaka harufu inayotoka kwenye tezi za usoni, sisi hatuisikii ila yeye ndo inamwambia hapa pako salama. Sasa we unambeba unaenda kumtua kwenye nyumba iliyopigwa deki kwa dawa, rangi mbichi, na pengine kuna harufu ya paka wa mpangaji aliyetoka, hakuna kona hata moja yenye harufu yake, unategemea atulie?

Kwa hiyo la kwanza, usifue vitu vyao. Najua ukihama unataka kila kitu kiingie kisafi, ila kile kigodoro chenye manyoya na kile kitambaa kilichochakaa viende hivohivo. Afu chukua kitambaa safi cha pamba, wasugue mashavu taratibu wakiwa wametulia, kisha ukapanguse kwenye pembe za kuta na miguu ya viti kule mnakohamia, na upanguse chini, usawa wa pua ya paka, sio usawa wa kiuno chako. Rudia mara kadhaa kabla ya siku yenyewe kama funguo unazo.

La pili ni kikapu cha kubebea. Paka wengi wanakiona siku ya sindano tu, ndo maana kikitolewa stoo wanapotea. Kitoe leo, kiweke sebuleni mlango wazi, weka ndani fulana uliyoivaa, chakula chao kiwe kinaliwa mle. Na uwe na vikapu viwili, kila mtu na chake, hata kama wanalala wamekumbatiana, maana paka akiingiwa na hofu hasira anammalizia aliye karibu.

Siku ya mizigo wafungie chumba kimoja kilichokwisha kutolewa vitu, bafu pia sawa, na ubandike karatasi mlangoni imeandikwa kwa kalamu nene PAKA WAMO USIFUNGUE, na vijana wa mizigo uwaambie kwa mdomo pia, wao wanafungua kila mlango ndo kazi yao. Mlo wa mwisho uwe kama masaa 4 kabla ya safari wasije wakatapika. Kikapu kifunike na taulo jepesi, acha upande hewa ipite.

Mkifika, usiwape nyumba nzima. Wape chumba kimoja, mchanga wao wa kujisaidia kona moja, chakula na maji mbali na mchanga, boksi lililopinduliwa na kutobolewa mlango wa kujificha. Mchanga uwe uleule waliouzoea, sio leo ndo unajaribu aina mpya. Fungua kikapu afu kaa chini uchezee simu yako. Usimvute, usimuite kila dakika, watoto nao wasipange foleni ya kumsalimia. Ukiona anakula vizuri, anajilamba manyoya, anatembea mkia juu, na hasa ukimuona ameanza kusugua mashavu kwenye fanicha, basi mfungulie mlango aendelee na vyumba vingine. Mwingine siku mbili, mwingine wiki, usimharakishe.

Kutoka nje ni habari nyingine. Wiki 2 hadi 3 ndo uchache, na huyo jike wako mwenye historia mimi ningemshikilia mwezi mzima. Siku ya kwanza mtoe kabla ya kula, akiwa na njaa atarudi. Waliohamia nyumba yenu ya zamani waombe wakimuona wasimlishe, wawapigie simu tu. Kama ana chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, badilisha namba ya simu na anwani kwenye usajili kabla hamjahama, maana chipu ni namba ya tarakimu 15 tu, haikuonyeshi paka yuko wapi kama watu wanavyodhani.

Mambo mawili ya kutosubiri kesho. Paka aliyepitisha siku nzima bila kula, hasa mnene, piga simu kwa daktari wa mifugo, ini lake linaweza kujaa mafuta akaugua vibaya. Na dume anayeingia kwenye mchanga kila saa anajikamua na mkojo hautoki, huyo mpeleke saa hiyohiyo hata kama ni usiku, stresi ya kuhama inaweza kumletea hiyo na njia ikiziba kabisa inaua.

Swali: Mambo dokta, tumeshahama tayari. Mbwa wangu tulikotoka alikuwa hana shida yoyote, hapa nikitoka tu analia, anakwaruza mlango na anakojoa ndani. Jirani ameshalalamika. Nimchape au? – Kijana wa Ghorofani

Jibu: Poa. Hapana, usimchape, ukirudi ukamchapa yeye hajui ni kwa sababu ya mkojo, anachojua ni kwamba ukirudi kuna kipigo, kesho hofu inazidi.

Mbwa tofauti na paka, yeye kwake ni wewe na ratiba yako. Nyumba imebadilika, sauti za ngazi ngeni, na we mwenyewe bize na maboksi, kwa hiyo kitu pekee alichobaki nacho ni wewe, na ukishika funguo naye anaona kinaondoka. Rudisha ratiba: chakula saa zilezile, matembezi saa zilezile, na matembezi ya mwanzo yawe ya pua, muache anuse kila nguzo, wala usihesabu kilomita. Mpeleke sehemu moja ya haja kila mara na umsifie palepale akimaliza.

Afu mfundishe kubaki. Shika funguo, kaa. Vaa viatu, kaa. Toka nje sekunde chache tu, rudi kabla hajaanza kulia, usimfanyie sherehe. Ongeza kidogo kidogo, akilia ujue umeruka hatua, rudi nyuma. Muachie kitu cha kutafuna chenye chakula ndani na fulana yako chafu. Kipindi hicho usimuache masaa mengi, omba ndugu akae naye, la sivyo kila siku unabomoa ulichojenga jana. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, au anajiumiza, nenda kwa daktari, hiyo inatibika.

Swali: Safari yetu ni ndefu kwa gari. Naweza kumpa paka wangu dawa ya mafua ya watoto ili asinzie? – Msafiri

Jibu: Usithubutu! Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli, na hiyo kwa paka ni sumu, hata kidogo tu. Kuna dawa za kutuliza wanyama na daktari atakuandikia kwa uzito wake, ila nenda mapema muijaribu nyumbani kwanza, na mwambie unataka ya kupunguza hofu, kwa sababu zipo zinazolegeza mwili tu huku mnyama bado anaogopa vilevile ila hawezi kuonyesha. Njiani usimuache kwenye gari lililofungwa, hata kivulini, joto linapanda ndani ya dakika 10.

Swali: Nyie paka na mbwa tu kila siku, sisi wa kasuku na samaki? – Nimesahaulika

Jibu: Haya, hujasahaulika. Kasuku asiingie kwenye nyumba yenye harufu ya rangi mbichi, mapafu yake hayahimili, subiri ikauke na madirisha yakae wazi siku kadhaa. Tundu lake lifunike nusu njiani, na kule liweke upande mmoja uwe ukutani asihisi anavamiwa kila pembe.

Samaki usiwalishe siku moja kabla. Wabebe kwenye mifuko au ndoo yenye maji ya tangi lao, tangi lenyewe lihame tupu lisije likapasuka. Sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba wala usiiache ikauke, bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo, iloweke kwenye maji yaleyale ya tangi mpaka mfike. Tangi lifunge kwanza kabla hata ya kitanda chako.