Taa Kuwaka Si Ushahidi: Kuhusu Nyaya za Zamani katika Nyumba ya Urithi

Msomaji mmoja wa Bugembe ameniandikia kwamba amerithi nyumba ya wazazi wake, na kwamba fundi aliyepanda darini ameziona nyaya na kumwambia kuwa ni za kizamani lakini bado zinafanya kazi. Anauliza kama anaweza kubadilisha kipande kilichoungua peke yake, kisha aendelee na vigae na rangi. Jibu langu ni kwamba hawezi, au tuseme anaweza lakini asifanye hivyo, na kwa kuwa najua wengi wenu mnayo nyumba ya namna hiyo au mnaitamani ili muipangishe, nitaeleza yaliyotupata sisi Jinja, Uganda.

Nyumba yetu ilijengwa kabla ya uhuru wa 1962, katika miaka ambayo bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilikuwa likivuta viwanda na wafanyakazi kuja mjini. Mzee wetu, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, aliinunua baadaye na kuishi humo mpaka alipofariki. Ndugu zangu walinikabidhi mimi, kifungua mimba, jukumu la kuitengeneza kwa ajili ya wapangaji. Paa lilikuwa likivuja juu ya chumba cha kulala, kwa hiyo tulibandua mbao za dari, na hapo ndipo tulipoona tulichokuwa tukilala chini yake.

Nyaya zilikuwa za mpira uliofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, kama zilivyotumika kabla ya plastiki kuenea. Mpira huo ukikaa miaka mingi chini ya bati lenye joto la mchana hukauka, huwa mgumu, kisha hupasuka. Fundi alipoukunja waya mmoja kwa vidole, ganda lilimwagika kama makombo ya mkate mkavu, na shaba ikabaki uchi, imelala juu ya boriti ya mbao. Mahali pengine panya walikuwa wamekwisha kumaliza kazi hiyo. Maungio hayakuwa ndani ya boksi lolote. Yalisokotwa kwa mkono na kufungwa utepe mweusi ambao gundi yake ilikuwa imekwisha. Baadhi ya swichi zilifungwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, maana yake ni kwamba ukizima taa, holda ya balbu inabaki na umeme, na mtu anayebadilisha balbu akiamini kuwa amezima anaweza kupigwa.

Lakini darini hapakunitisha kama palivyonitisha kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi za kauri za zamani huwekwa waya mwembamba makusudi, ili mkondo ukizidi waya huo ukatike kabla nyaya za ukutani hazijachemka. Katika fyuzi ya taa, iliyostahili ampea 5, mtu fulani alikuwa amepachika kipande kinene cha shaba, bila shaka baada ya kuchoshwa na kukatika kwa umeme. Hapo tena hapana fyuzi. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka mara nne, na kama hakuna kinachokata, kitakachokata ni moto.

Kisha kuna suala la ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Zamani mafundi wengi waliunganisha ethi ya nyumba na bomba la maji la chuma, kwa sababu bomba hilo liliingia ardhini na kutosha kupitisha umeme uliovuja. Kwetu pia ilikuwa hivyo, ila miaka ya karibuni fundi wa maji alibadilisha mabomba yote kuwa ya plastiki. Maji yalitoka vizuri na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, lakini kuanzia siku hiyo nyumba nzima haikuwa na ethi. Ule mtetemo mdogo ambao wapangaji wa kwanza, walioingia kabla ya matengenezo, walikuwa wakiusikia wanapogusa mlango wa friji, na ambao waliuchukulia kuwa tabia ya friji, ulikuwa umeme unaotafuta njia ya kwenda chini kupitia miili yao.

Nilipowaeleza ndugu zangu katika kikao cha familia, nilijibiwa maneno ambayo bado yananichoma. Mdogo wangu alisema kwamba Mzee aliishi humo miaka yote bila kuuawa na umeme, na shemeji mmoja akaongeza kwamba ninataka kuzika pesa za urithi ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna atakayeziona. Mwingine alishauri tungoje shirika la umeme lije kutengeneza. Nilijibu nikiwa nimesimama, na ninajibu tena hapa. Mzee alikuwa na balbu chache, redio na pasi. Mpangaji wa leo ana friji, televisheni, birika la umeme la wati 2,000 linalovuta zaidi ya ampea 8, na akipata nafasi atafunga kipasha maji cha bafuni cha wati 5,000, ambacho kwa volti 240 kinavuta karibu ampea 21. Mzigo huo si wa Mzee. Na kuhusu shirika, iwe ni kampuni iliyoitwa Umeme, waliokuwepo hadi 2025, au UEDCL waliochukua usambazaji baada yao, kazi yao inaishia kwenye mita. Baada ya mita, waya ni wa mwenye nyumba.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kuzungushia tepu mpya na kuondoka. Nilimlipa nauli yake nikamwambia kwaheri. Wa pili alikuwa na kibali cha ERA, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ambayo hutoa vibali vya mafundi kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi wanayoruhusiwa kuifanya. Huyu hakutazama kwa macho tu. Alikuja na kipimo cha ganda la waya, ambacho hupeleka volti 500 na kuonyesha jinsi ganda linavyozuia umeme kuvuja. Kinachokubalika ni angalau megaomu 1, kipimo cha uzuiaji huo. Nyaya zetu za taa hazikukaribia hapo, na karatasi yenye namba hizo ndiyo iliyowanyamazisha ndugu zangu, si hotuba yangu.

Uchimbaji wa kuta sitausimulia, kwa kuwa ni vumbi na kelele tu. Tuliondoa kila kitu na kuweka vipya: nyaya za milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi, laini nene ya peke yake kwa bafuni, fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya ethi, sakiti breka, swichi zinazojizima zenyewe mkondo ukizidi, badala ya fyuzi, na kifaa kinachokata umeme mara tu miliampea 30 zinapovuja. Gharama ilikaribia bei ya bodaboda mpya. Sijutii hata shilingi moja, na sijasikia shemeji akilirudia neno lake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usibembeleze waya uliooza. Usikubali kiraka, kwa sababu anayeunganisha waya mpya na waya wa mpira ameongeza ungio moja dhaifu na hajapunguza hatari hata kidogo. Mwite fundi mwenye kibali, umwombe akuonyeshe kibali chenyewe, na umdai vipimo kwa maandishi. Kabla hajafika, zima vifaa vyote na taa zote, uache swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha itazame mita yako ya Yaka, ile ya kulipia kabla: kama taa yake inaendelea kumetameta, kuna mahali umeme unakwenda usikokujua. Soketi yenye joto, harufu ya samaki au ya plastiki inayoungua, taa zinazofifia friji inapowaka, yote hayo ni sababu ya kuzima swichi kuu leo, si mwisho wa mwezi. Vigae vinaweza kungoja. Anayepaka rangi juu ya ukuta wenye nyaya mbovu atalazimika kuuchimba ukuta huo huo baadaye, akilipa mara mbili.

Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, uirudishe. Mkubaliane pia mapema kuhusu shaba ya zamani, kwani mafundi wengi huihesabu kuwa ni yao hata bila kusema. Sisi tuliamua iwe yetu, tukaikatakata vipande vifupi kabla ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, ili pasiwe na mtu wa kuifunga tena katika nyumba ya mwenzake.