Bakuli la babu na makaburi ya Bagamoyo

Mhariri,

Wiki iliyopita jarida lenu liliwauliza wasomaji: nani abebe gharama ya kutunza makaburi ya kale katika miji yetu midogo, serikali au wenyeji? Nililisoma swali hilo asubuhi nikiwa nachambua mchele, nikaliweka kando, na mpaka usiku lilikuwa halijanitoka. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Ndoa ndiyo iliyonileta Dar es Salaam, lakini wazee wangu wote wamelala kule. Niwieni radhi jibu likiwa refu.

Jibu nililokuwa nalo kabla ya kushika kalamu ni hili: serikali ilipe, na ilipe kwa haki. Anayeijua Bagamoyo anajua ninachosema. Ukishuka upande wa ufukweni utayakuta makaburi ya Wajerumani. Yapo ishirini, yamepangika, na miaka yote niliyopita pale nimeyakuta safi, nyasi zimekatwa. Wengi wa waliolala pale waliuawa katika vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, wakati Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu yao, kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Si mbali na hapo lipo jiwe la kumbukumbu la mahali walipokuwa wakiwanyongea Waafrika waliopinga utawala wao. Abushiri bin Salim mwenyewe walimnyonga Pangani, Desemba 1889. Sasa toka hapo uende kwenye makaburi yetu ya kawaida, yale ya wavuvi, ya mafundi wa majahazi, ya akina mama waliosuka ukili maisha yao yote. Utapita kwenye mbigili na ndago mpaka kiunoni. Mbuzi wanalala juu ya watu. Mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba. Tangu nikiwa msichana nimekuwa nikijiuliza inakuwaje aliyekuja na bunduki anafyekewa, na aliyezaliwa hapa anaachiwa mbuzi.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kwa hiyo Kaole, mji wa kale jirani na Bagamoyo, imo, na inastahili. Pale pana magofu ya misikiti miwili, mmoja unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya ishirini ya matumbawe na chokaa, mengine yana minara. Minara ile ilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na leo ukitazama unaona matundu yalipokuwa yamekaa. Nitarudi kwenye mabakuli. Lakini babu yangu mzaa mama, aliyekufa karibu miaka mia moja baada ya huo mwaka 1863, kaburi lake ni la kale kwangu tu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani, siku ambazo kila nyumba mjini kwetu hutoa mtu wa kwenda kusafisha makaburi kabla mfungo haujaingia. Mjomba alikuja baada ya sala ya alfajiri kutuchukua mimi na mdogo wangu wa kiume. Bibi hakuwa na desturi ya kwenda makaburini, ila ndiye aliyetayarisha kila kitu tangu usiku: ndoo, kopo la kuchotea, fyekeo, chetezo na ubani, na mrehani uliofungwa kwenye kipande cha kanga kilicholowanishwa ili usinyauke. Njiani mjomba hakuzungumza. Tulipofika alivua viatu, akawasalimia wenyeji wa pale kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepiga hodi kwa jirani, kisha akaanza kufyeka.

Kaburi la babu halikuwa na jina. Lilikuwa na mashahidi wawili, mawe ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, na katikati limezikwa nusu bakuli la bati, jeupe, lina mstari wa buluu ukingoni. Rangi ilikuwa imebanduka sehemu mbili na pale palipobanduka pameota kutu. Ndilo bakuli alilokuwa akinywea uji wakati wa kufuturu. Bibi alilitoboa chini kwa msumari kabla halijapelekwa, asije mtu akalitamani. Mjomba alinipa kopo nimwagie. Maji yalijaa mpaka kwenye mstari wa buluu, kisha yakaanza kushuka taratibu kupitia kwenye tundu, ardhi ikiyanywa, na mjomba akasubiri mpaka yakaisha ndipo akaanza Yasini. Mimi sikuisikiliza Yasini. Nilikuwa nalitazama lile tundu.

Tulipomaliza, mjomba alinisimamisha chini ya mwarobaini mkubwa uliokuwa karibu na njia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sitakuwepo siku zote. Hesabu." Nikaanza kutembea, ikawa hatua zangu ni fupi, sifiki. Akanirudisha. Akasema nihesabu za kwake. Hatua kumi na nne kuelekea mnazi uliopinda, kisha tano kushoto. Akanirudisha tena chini ya mti, tukahesabu upya, mara tatu, mpaka mdogo wangu akachoka akakaa chini. Nilizishika. Hata leo ukiniamsha usiku nitazitaja: kumi na nne, kisha tano.

Baada ya hapo maisha yakaniondoa. Niliolewa, nikazaa, Shaabani ikawa inapita nikiwa Dar es Salaam. Nilikuwa nikituma pesa ya kufyekea, na mjomba alikuwa akinijibu kwamba imefanyika. Kisha mjomba naye akafariki. Mwaka wa pili baada ya hitima yake ndipo mimi na mdogo wangu tulipopanga safari tukafanye wenyewe.

Mwarobaini haukuwepo. Walioukata waliacha kisiki kilichopasuka katikati, kimeota machipukizi. Hilo halikunitisha, maana kisiki kilitosha kuanzia. Lakini minazi iliyopinda ilikuwa mitatu. Na hatua zilikuwa za mjomba, mtu mrefu, miguu ya mvuvi. Zangu ni fupi, za mdogo wangu ni ndefu kupita zake. Tulihesabu kwa kila namna. Alihesabu yeye, nikahesabu mimi nikiongeza mbili, tukapima kwa kamba ya ndoo. Tulifyeka sehemu pana kama ukumbi wa harusi. Tukapata mashahidi wengi, matumbawe yanayofanana kama meno. Bakuli hakuna. Jua likapanda, mikono ikatoka malengelenge, mdogo wangu akaacha kuniangalia usoni.

Alitukuta hapo kijana mmoja wa wachimba makaburi. Akaniamkia, nikamwitikia, akauliza tunatafuta nini. Nilipotaja bakuli alisimama kidogo. "La bati, mama? Lina tundu?"

Alitupeleka kwenye kile chumba nyuma ya msikiti panapohifadhiwa jeneza. Bakuli lilikuwa juu ya ukuta, pale ukuta unapokutana na bati, limewekwa vizuri, limefunikwa kifuu cha nazi. Alisema walilikuta wakichimba, mwaka juzi au mwaka wa kabla yake, wakajua ni la mtu, wakalitunza. Nikamuuliza walikuwa wanachimba wapi. Akanyoosha mkono wote, akauzungusha polepole. "Huku huku, mama." Upande aliouonyesha palikuwa na makaburi manne yaliyokuwa bado hayajashuka sawasawa.

Mdogo wangu alitaka tujenge. Alishapiga hesabu ya saruji na kokoto, tuweke jina la babu pale tunapodhani. Nilikataa, na tulivutana mbele ya yule kijana, jambo ninalolijutia. Niliogopa tutaandika jina la babu juu ya mama wa mtu mwingine. Mwishowe tulikaa kwenye kisiki, tukawasomea wote walioko pale Yasini moja, tukarudi na bakuli kwenye mfuko.

Nimeandika mpaka hapa, na lile jibu la mwanzo silioni tena kama nilivyoliona. Yule kijana sina la kumlaumu. Ardhi ya makaburi ya Kiislamu ndivyo ilivyo, inapokea, na baada ya miaka inapokea tena. Masheikh wetu wengi wanafundisha kwamba kaburi lisijengewe wala lisipakwe chokaa, na babu mwenyewe alikuwa mtu wa mafundisho hayo. Na hata kama mwaka ule halmashauri ingejenga ukuta mzuri kuzunguka makaburi yote, ningeupita ukuta huo, nikasimama ndani yake, na bado nisingejua babu yuko wapi. Makaburi ya Wajerumani yana majina kwenye mawe, kwa hiyo hata akija mgeni asiye na uhusiano nao atayasoma. Ya kwetu yalikuwa kichwani mwa mjomba. Mimi nilituma pesa ya kufyeka miaka yote ile na sikutuma hata mara moja mtoto wangu akahesabu hatua.

Angalieni Kaole tena. Kati ya makaburi yote yale, linalotembelewa na wenyeji kwa haja zao wenyewe ni lile la Sharifa. Watu wanakwenda kuomba dua, wanaacha ubani na marashi. Serikali ina walinzi na tiketi pale, nashukuru, lakini jina lake halikutunzwa na tiketi. Au angalieni misheni ya Wakatoliki, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Jirani yangu hapa Dar es Salaam ana asili ya kule, na tarehe 2 Novemba haimpiti bila kuombea marehemu wao. Mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulilazwa kwenye kanisa la misheni ile Februari 1874, ukavushwa Zanzibar, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walikuwa wameubeba miezi mingi kutoka bara, na wengine walifia njiani. Nawaza kwamba hao nao walizikwa na watu waliojua mahali penyewe, wakahesabu pengine kutoka mti fulani, kisha wakaondoka.

Kwa hiyo mkinibana nichague moja, nitasema wenyeji. Najua nilianza kwa kusema serikali, na sijaifuta serikali yote. Kaole haiwezi kuachiwa watu wenye fyekeo na nia njema. Ukuta wa chokaa ukizibwa kwa saruji unafungiwa unyevu ndani na kumomonyoka upesi zaidi, na fundi wa chokaa halisi hapatikani kila mtaa wala hafanyi kazi kwa sadaka. Na lipo jambo jingine ambalo mwenyeji hawezi kabisa: mipaka. Ardhi ya Bagamoyo inanunuliwa kila siku. Halmashauri ipime kila eneo la makaburi, hata dogo la ukoo, iweke mawe ya mpaka na hati, asitokee mtu akauza kichwa cha bibi yake mtu. Hilo nalidai na nitaendelea kulidai. Kufyeka, kukumbuka, kumpeleka mtoto, hayo sitaki serikali inifanyie. Ingawa naandika hivi nikijua wapo waliobaki peke yao, hawana mtoto wa kumpeleka, na wao sina jibu zuri la kuwapa.

Bakuli liko kabatini kwangu, halitumiki. Binti yangu wa mwisho aliniuliza kwa nini nimeweka chombo kilichotoboka, na katika kumjibu ndipo nilipochukua daftari la shule alilokuwa halitumii. Tangu hapo kila nikienda Bagamoyo nakaa na wazee waliobaki, naandika: nani, mtoto wa nani, alifanya kazi gani, amelala upande gani, karibu na nani. Hadi sasa nina majina arobaini na matatu. Sita kati yao ni ya eneo lile kati ya kisiki na minazi mitatu, na mzee mmoja wa kike ananiambia babu alizikwa miguuni pa mtu aliyekuwa akishona matanga ya majahazi. Jina la mshona matanga hakumbuki.

Msomaji wa Bagamoyo ambaye kwao kulikuwa na fundi wa matanga, nakuomba uwaulize wakubwa zako alizikwa wapi. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani ijayo nitakuwa pale kwenye kisiki tangu alfajiri, na binti yangu, na ndoo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam