Mvua ya kwanza ni ya bati

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu anayehamia nyanda za juu zenye ukame ajiandae vipi kwa majira ya huko? Nimelisoma swali hilo nikiwa nyumbani Lindi mjini, ambako ukichimba uani hukawii kuyakuta maji, ingawa yana chumvi, na limenigusa kwa sababu niliishi Newala, juu ya Uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, miaka tisa nikifundisha shule ya msingi. Kwa muda mrefu jibu langu kwa walimu vijana waliopangiwa huko limekuwa moja: mtu wa pwani akiweza kubadilisha kituo, abadilishe. Naomba nieleze jibu hilo lilitoka wapi.

Majira yenyewe si magumu kuyajua. Kusini hatuna vuli na masika mbalimbali kama wenzetu wa kaskazini. Mvua ni msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha ni kiangazi. Kilicho kigeni kwa mtu wa pwani ni baridi ya Juni hadi Agosti, maana Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari na upepo wa kusi huko juu hauna kizuizi. Kuna asubuhi unasimama pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma limefunikwa na ukungu, na Msumbiji huioni. Kwa hayo sweta moja linatosha.

Ambalo swali lenu halikuligusa ni kwamba ukame wa Uwanda wa Makonde hautokani na uchache wa mvua. Mvua inanyesha, tena ya kutosha mihogo na mikorosho, lakini udongo wa kichanga huimeza mara moja, na maji hayo huibukia mbali chini, kwenye chemchemi za miteremko na mabondeni. Ndiyo maana kina mama wa zamani walishuka na kupanda mlima kwa ajili ya mtungi mmoja, na ndiyo maana maji ya bomba husukumwa kwa mitambo kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari. Ndiyo maana pia nyumba ya bati ya Newala huwekewa gata, na chini ya gata kisima cha saruji kilichochimbwa ardhini ili kukusanya maji ya paa. Anayehamia huko asiulize kuna baridi kiasi gani. Aulize kila mwezi atakunywa maji gani.

Nilihamia Agosti 2001 nikiwa na watoto wawili. Mwenye nyumba alinionyesha vyumba, choo na kisima, akachukua kodi ya miezi sita, akaondoka. Nyumba ilizungukwa na mikorosho iliyokuwa ikichanua, na kila alfajiri, majani yangali na umande, vijana walipita na mashine mgongoni wakipulizia salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga ule wa manjano ulitua kwenye nguo nilizoanika, kwenye sufuria, kwenye nywele za watoto. Kwamba ulikuwa unatua pia juu ya bati, sikuliwaza.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kimakonde, alikuwa na ufito wa kupimia kisima wenye alama alizozichonga kwa kisu: maji yakiwa hapa mwisho wa Septemba, utafika, yakiwa chini ya hapa, acha kufua nyumbani. Akanichongea na mimi wangu. Kuanzia Oktoba watoto walioga kwa makopo mawili, maji ya kuoshea mchele yakaoshea vyombo, na Novemba ufito ulipotoka umelowa shubiri mbili tu, nikaanza kununua madumu kwa vijana wa baiskeli.

Mvua ilikuja mwanzoni mwa Desemba, usiku wa kuamkia Jumapili. Niliposikia bati linalia nilikimbia nje na kanga moja, nikahakikisha bomba la gata limeingia vizuri mdomoni mwa kisima, nikasimama nimelowa nikisikiliza maji yakianguka chini gizani. Nililia kwa furaha. Asubuhi nikafunua mfuniko. Maji yalikuwa na utando wa manjano, juu yake yakielea majani makavu ya mkorosho, kinyesi cha ndege na mjusi aliyekufa, na yalinuka kiberiti. Shubiri zangu mbili za maji safi zilikuwa humo humo. Bibi alikuja, akatazama, akasema taratibu: "Mwalimu, si nilikwambia mvua ya kwanza ni ya bati?"

Tulikikomba kisima kutwa nzima kwa ndoo na kamba, yeye akivuta juu na mimi nikiwa chini nasugua kuta. Jioni ile ikanyesha tena, mvua nzuri, kabla hatujamaliza, ikabidi tuligeuze bomba pembeni, maji yakamwagika mchangani na kupotea huku nikiyatazama.

Kwa miaka yote nimekuwa nikimlaumu mwenye nyumba kwa kutonieleza, na lawama hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa ushauri wangu kwa vijana. Lakini kukiandika kisa hiki kumenikumbusha kwamba niliambiwa. Bibi aliisema sentensi ile Oktoba, tukibangua korosho kibarazani kwake, nami nikadhani anazungumzia kelele za mvua juu ya bati, nikacheka, nikaendelea kubangua. Mwenye nyumba bado naona alikosea, ila Newala haikunificha kitu.

Kwa hiyo nabadili jibu langu. Mwalimu kijana aliyepangiwa Newala, Tandahimba au Mahuta, aende. Asihamie Agosti kama nilivyofanya. Ahamie Mei, mvua zikiwa zimekatika na kisima kimejaa, ili aanze kiangazi akiwa na maji ya kujifunzia kubana. Asilipe kodi kabla hajafunua mfuniko wa kisima na kukagua kama kina ufa. Mwenye mtoto mchanga ambaye nyumba aliyopata haina kisima, kwake jibu langu la zamani bado liko pale pale. Na ikifika mwishoni mwa Novemba aligeuze bomba la gata pembeni kila jioni kabla ya kulala, hata kama mbingu ni nyeupe, maana usiku ule wa kwangu nyota zilikuwa zinaonekana nilipozima kibatari.

Msomaji wenu,
Lindi mjini