Unapotafuta Maandiko Kuhusu Biashara Ndogo, Anza na Jina

Kila mwaka, msimu wa kuwasilisha mapendekezo ya utafiti unapokaribia, wanafunzi kadhaa wanaoandika tasnifu kuhusu ujasiriamali hunipigia simu, na karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Dada, nimetafuta kila mahali, kuhusu Tanzania hakuna kilichoandikwa." Siwalaumu, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mbele ya msimamizi wangu wakati nikitafiti mama lishe wa Ilala, Dar es Salaam, jinsi wanavyopata mtaji na jinsi wanavyourudisha. Katika miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nimekusanya makala zaidi ya sitini, nyingi zikihusu kampuni changa za teknolojia za California na viwanda vya kifamilia vya Ulaya. Msimamizi alizipitia kurasa zangu kwa dakika chache, kisha akaniuliza: "Binti, hawa uliowasoma wana wafanyakazi wangapi?" Sikuwa na jibu. Aliniambia nirudi siku nitakapokuwa nalo.

Nilipoanza kulitafuta jibu hilo niligundua kwamba maneno "biashara ndogo" hayana maana moja, na kwamba kila taasisi inayohesabu ina mstari wake. Sera ya Tanzania ya kuendeleza viwanda vidogo na biashara ndogo, ya mwaka 2003, inaiita biashara kuwa ndogo sana ikiwa na watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Inayofuata, yaani ndogo, ina watu 5 hadi 49 na mtaji unaofika shilingi milioni 200. Ile ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji usiozidi milioni 800. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012, ilipotungwa, iliweka mpaka wa biashara ndogo sana kwa namna nyingine: wafanyakazi wasiofika 10 na mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi za Kenya 500,000. Benki ya Dunia nayo, katika tafiti zake za kampuni ambazo kwa Tanzania zilifanyika mwaka 2006, 2013 na 2023, huhoji kampuni zilizosajiliwa na zenye wafanyakazi 5 au zaidi. Sasa mweke mama lishe mwenye wasaidizi wawili ndani ya vipimo hivyo vitatu. Katika cha kwanza yumo, katika cha pili angekuwamo iwapo angekuwa Nairobi na mauzo yake yangekuwa madogo kiasi hicho, na katika cha tatu hayumo kabisa. Anayechukua takwimu za tafiti hizo kuhusu upatikanaji wa mikopo na kuziandika kana kwamba zinamhusu, amemsemea mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio mzito kuliko yote nitakayoyasema hapa, ni huu: kabla hujaandika neno lolote kwenye kisanduku cha kutafutia, jiulize mwenye takwimu au mwandishi wa makala unayoihitaji alimwitaje huyo mtu unayemtafiti. Sisi tunasema mama lishe, machinga, fundi wa chini ya mwembe. Mchumi anayeandika kwa Kiingereza hatumii maneno hayo. Ukiandika "entrepreneurship Tanzania" utaletewa wingi wa maandiko ya jumla yasiyogusa mtaa wako, lakini ukiandika "street food" pamoja na jina la jiji, au "household enterprise", au "own-account worker" (aliyejiajiri bila kuajiri wengine), mlango mwingine unafunguka, kwa maana hayo ndiyo maneno ya wanaotafiti chakula, kaya na ajira. Anayetafiti vikundi vya kuweka na kukopa aandike "savings groups" na "ROSCA" (vikundi vya kuchangishana fedha na kupeana kwa zamu) pamoja na VICOBA, kwani mambo yanayofanana na upatu wetu yameandikwa kwa miaka mingi kwa majina hayo. Anayetafiti mafundi wa Kenya atumie "jua kali" bila kulitafsiri, kwa sababu ni miongoni mwa maneno machache ya kwetu yaliyoingia katika lugha ya wasomi jinsi yalivyo. Majina pia yana umri. Maneno "sekta isiyo rasmi" yalienea duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ya mwaka 1972, hivyo anayetafuta maandiko ya zamani kuliko hapo kwa kutumia maneno hayo hatapata kitu, ingawa wachuuzi walikuwepo na waliandikwa.

Mfano ulionishawishi mimi ni wa utafiti mmoja uliofanyika Dar es Salaam penyewe. Watafiti kutoka Norwei waliwachukua wafanyabiashara wadogo waliokuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo, wengine wakapewa mafunzo ya biashara yaliyotolewa na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine wakapewa ruzuku ya shilingi 100,000, wengine wakapata vyote viwili na wengine hawakupata chochote. Matokeo yalionyesha kwamba mafunzo yaliwasaidia wanaume kuinua biashara zao, ilhali kwa wanawake athari ilikuwa hafifu, na ruzuku peke yake haikuleta mabadiliko ya kudumu. Huo ulikuwa moyo wa jambo nililokuwa nikilihangaikia, umefanyika katika jiji nililokuwa nikiishi, nami kwa miezi mitatu sikuuona kwa sababu neno lililokuwa katika kichwa chake lilikuwa "microenterprise", yaani biashara ndogo sana. Makala yenyewe ilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kulipia, lakini toleo lake la awali lilikuwa limewekwa wazi kwa kila mtu tangu mwaka 2011.

Hapo niseme kuhusu malipo, kwa kuwa ni jambo linaloumiza wanafunzi wetu. Nimewahi kulipia makala moja fedha ambayo ilikuwa nauli yangu ya wiki kadhaa, na baadaye nikaikuta bure kwenye ukurasa wa mwandishi. Katika fani ya uchumi ni desturi kutoa toleo la awali kabla ya jarida kulichapisha, kwa hiyo ukikuta makala imefungwa, tafuta kichwa chake kwenye Google Scholar na ufungue kiungo kinachoonyesha matoleo yote. Ukishindwa, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari minne, umweleze wewe ni nani na unatafiti nini. Wengi hutuma siku hiyohiyo, na baadhi huongeza makala mbili ambazo hukuziomba. Kwa majarida ya Afrika, hifadhi ya African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini, hukusanya pamoja majarida mengi ya vyuo vyetu ambayo huwezi kuyafikia kwa urahisi kwa kutafuta moja moja.

Takwimu za taifa zinahitaji subira ya namna yake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya Utafiti wa Nguvukazi wa Tanzania Bara mwaka 2006, 2014 na 2020/21, na humo ndani wamo waliojiajiri, wenye wasaidizi na wasio nao. Tafiti za FinScope, za mwaka 2006, 2009, 2013, 2017 na 2023, hueleza jinsi watu wanavyoweka, wanavyokopa na wanavyotuma fedha. Usiishie kwenye muhtasari wa picha na rangi. Fungua viambatisho vya mwisho, usome dodoso lenyewe, kwa sababu swali lililoulizwa ndilo linalokuambia takwimu inaweza kubeba hoja ya uzito gani.

Na hapa kuna kosa ninalolikuta karibu katika kila tasnifu ninayoombwa kuisoma. Mwaka 2012 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa ripoti ya utafiti wa msingi wa kitaifa kuhusu biashara ndogo na za kati, iliyoonyesha kwamba nchi ilikuwa na biashara za aina hiyo zaidi ya milioni 3, na kwamba zaidi ya nusu yake zilimilikiwa na wanawake. Ni ripoti nzuri sana. Lakini taarifa zake zilikusanywa mwaka 2010, na leo bado watu wanaandika "Tanzania ina biashara ndogo milioni tatu" kana kwamba zimehesabiwa juzi. Wanaonukuliana hawaifungui ripoti yenyewe. Mmoja alimnukuu mwenzake, naye alimnukuu mwingine, mwaka ukapotea njiani. Kwa Kenya utafiti wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta biashara takriban milioni 7.4, ambapo kati ya hizo kama milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Mtu huweka tarakimu hizi mbili kwenye jedwali moja na kuhitimisha kwamba Wakenya ni wajasiriamali kuliko Watanzania, bila kutazama kwamba miaka ni tofauti na njia za kuhesabu ni tofauti.

Kuna vyanzo viwili ambavyo sijui kwa nini watafiti wetu wanavipita, na ningependa kuvizungumzia kwa kirefu kidogo. Cha kwanza ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Humo mbunge huuliza kuhusu wachuuzi wa jimboni mwake, na waziri hujibu kwa tarakimu, kwa mwaka na kwa jina la mpango. Uzuri wake mkubwa ni kwamba lugha ni yetu: maneno yaliyokukwamisha kwenye majarida, yaani mama lishe, wamachinga, mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, hapa ndiyo yanayofungua. Hata hapa, hata hivyo, jina hubadilika kufuatana na siasa za wakati. Desemba 2018 Rais John Magufuli alipogawa vitambulisho 670,000 kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kikiuzwa shilingi 20,000, waliopewa waliitwa wajasiriamali wadogo, na tangu hapo anayetafuta neno "machinga" peke yake hupoteza sehemu ya mjadala.

Cha pili ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hususan zile za mamlaka za serikali za mitaa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkaguzi huandika ni kiasi gani hakikutengwa, ni kiasi gani hakijarejeshwa, na vikundi gani havikupatikana vilipofuatiliwa. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na anayetaka kuelewa sababu ataanzia kwenye ripoti hizo. Kwangu zilikuwa na faida nyingine: zilinipa maswali. Nilipokwenda kwa afisa maendeleo ya jamii nikiwa na barua ya chuo iliyopitia kwa Katibu Tawala, sikumwomba "data za wajasiriamali". Nilimwomba rejista ya vikundi vilivyokopeshwa katika mwaka uliotajwa na mkaguzi. Akainuka, akafungua kabati.

Kwa maktaba za karatasi nitasema machache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa East Africana, na humo nilisoma tasnifu za zamani ambazo hazipo popote kwenye intaneti, baadhi zikiwa na majedwali ya bei za vyakula na kodi za vibanda ambayo nisingeweza kuyapata kwa njia nyingine. Nenda na daftari, tena nenda zaidi ya siku moja.

Yapo pia ya kuepuka. Ripoti ya Benki ya Dunia iliyokuwa ikipanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara ilisitishwa Septemba 2021 baada ya kubainika kasoro katika data zake, lakini bado naikuta katika sura ya kwanza ya tasnifu nyingi ikitumika kama shahidi wa leo. Halafu kuna majarida yanayochapisha chochote mradi umelipa. Mimi nilipokea barua pepe ya mojawapo wiki mbili baada ya kuwasilisha mada katika semina, ikinisifu kwa makala ambayo sikuwa nimeiandika, na nusura nilipe. Makala zilizopita huko huonekana kwenye matokeo ya utafutaji sambamba na zile za kweli. Njia ninayoitumia kuzipambanua ni kusoma sehemu ya mbinu: ikiwa mwandishi anasema alihoji wafanyabiashara 200 lakini haelezi aliwapataje, wapi na lini, naiweka kando hata kama hitimisho lake linaniunga mkono.

Kila ninachokisoma nakiandika kwenye jedwali lenye safu tano: nani aliyehesabiwa, wapi, mwaka gani taarifa zilikusanywa, nani aliyelipia utafiti, na jina alilopewa mfanyabiashara. Ilinichukua miezi minne kurudi kwa msimamizi na jedwali hilo, nalo lilikuwa na maandiko thelathini na moja tu, lakini kwa kila moja niliweza kumjibu swali lake kuhusu idadi ya wafanyakazi.

Nyaraka zenyewe zihifadhi mara tu unapozipata, kwa maana tovuti za ofisi za umma hujengwa upya na viungo vya zamani hufa bila taarifa. Pakua faili, lipe jina lenye mwaka na taasisi, uandike tarehe uliyolipakua. Ile ripoti ya mwaka 2012 ninayo kwenye kompyuta na kwenye flashi, na kila anayenipigia simu akiniambia kwamba kuhusu Tanzania hakuna kilichoandikwa, humtumia hiyo kwanza na kumwomba anipigie tena atakapokuwa amelisoma dodoso lililo mwishoni.