Ukiokota gamba la kombe ufukweni, ligeuze uone ndani

Jamani, mwenzenu karibu mwaka mzima nimeokota magamba madogo ya kombe Kunduchi na Coco Beach hapa Dar na muda wote nilikuwa nachanganya aina mbili nikijua ni moja. Yote ya pembetatu, meupe meupe, sentimita mbili tatu hivi, na wenyewe wanajizika mchangani palepale mawimbi yanapovunjikia. Boksi zima nikaandika jina moja. Siku nikamtumia picha dada mmoja anayesomea mambo ya bahari, akanijibu, "Kaka, umenipigia migongo tu, geuza nione ndani."

Basi nikageuza. Osha gamba kwa mswaki wa zamani, likauke, halafu mulika na tochi ya simu kwa ubavuni sio kwa juu, maana ukimulika kwa juu alama zote zinapotea. Anzia chini ya kile kinundu cha juu, pale kwenye bawaba. Ukikuta kishimo kama kijiko katikati ya meno, kile ndo kinakaa kiungo laini kama mpira kinachosukuma magamba yafunguke, huyo ni Atactodea striata, ndo jina lake la kisayansi. Kama hakuna kijiko, na ule mpira uko nje nyuma ya kinundu kama kiutepe cha kahawia, na upande mmoja wa gamba ni mfupi kama umekatwa na panga, huyo ni wa jamii ya Donax. Na mimi nilidhani ule upande mfupi ndo mbele, kumbe kwa Donax ndo nyuma, mirija yake ya kuvutia na kutolea maji inatokea huko.

Kisha tafuta alama mbili za misuli, moja kila upande, na mstari unaoziunganisha. Kwa Donax ule mstari unaingia ndani sana kama ghuba, ndo nafasi anayorudishia mirija yake, kwa mwenzake kighuba ni kidogo.

Rangi msiiamini kabisa. Donax faba, aina moja tu ya Donax, peke yake utaikuta ya zambarau, ya kahawia, nyeupe, yenye mistari, zote ufukwe mmoja siku moja, na jua likishapiga wiki kadhaa yote yanakuwa meupe tu. Ukubwa nao hivyohivyo. Ukiona bawaba imenyooka na ina vijino vingi vidogo kama kitana, hata gamba liwe dogo kama ukucha, huyo ni mtoto wa jamii ya Anadara, wale kombe wa kuliwa ambao ukiwafungua damu yao ni nyekundu kweli, wana himoglobini kama sisi. Katundu ka duara karibu na kinundu sio alama ya aina, kametobolewa na konokono wa baharini aliyemla.

Picha piga tatu, nje, ndani na bawaba kwa karibu, weka rula pembeni, andika ufukwe na tarehe. Nenda bamvua maji yakikupwa, okota magamba matupu tu, na ukienda visiwa vya Mbudya au Bongoyo usichukue kitu, kule ni hifadhi ya bahari.

Boksi langu nimelimwaga nikaanza upya. Kuna magamba kumi na kitu bawaba zimelika kabisa, hayo nimeyaandikia Coco Beach na tarehe, sehemu ya jina nimeiacha wazi.