Walimu au wanaojitolea: nani aongoze shirika la malezi ya vijana?

Ndugu uliyeandika kutoka Kasulu, umeuliza nani anafaa kuongoza shirika dogo linalowakutanisha wanafunzi wa sekondari na walezi wa kujitolea: walimu, ambao wanawafahamu vijana hao, au wanaojitolea, ambao wana moyo na nafasi. Nimeifanya kazi hii Tabora mjini kwa miaka kadhaa nikiwa mwalimu, na naona waongoze wote, ila mwalimu asiwe mlezi wa kijana anayemfundisha.

Mwalimu anayesahihisha daftari la kijana, anayeandika taarifa ya mwenendo wake na anayeweza kumfikisha kwa mkuu wa shule, ni vigumu jioni ya siku hiyohiyo awe mtu wa kuambiwa kwamba nyumbani wamelala njaa, au kwamba kijana anataka kuacha masomo aende kufanya vibarua katika mashamba ya tumbaku ya Urambo au Kaliua. Nimeshuhudia kijana akimweleza fundi seremala aliyejitolea mambo ambayo mimi, niliyemfundisha hisabati tangu kidato cha kwanza, sikuwahi kuyasikia. Nguvu ya mwalimu iko kwingine: anajua nani ameanza kukosa vipindi, anasikilizwa na wazazi, na anaweza kumwona mkuu wa shule bila kuzungushwa. Huyo aketi kwenye kamati, apange nani alelewe na nani, na afuatilie kama kweli wanakutana.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni muda. Wengi wanaojitolea hapa ni wanachuo, hasa wanaosomea ualimu. Huja kwa bidii muhula unapoanza, kisha huondoka unapoisha au mazoezi ya kufundisha yanapowapeleka wilaya nyingine. Jean Grossman na Jean Rhodes, waliochunguza mpango wa Big Brothers Big Sisters wa Marekani, unaowakutanisha vijana na walezi wa kujitolea, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, waliona kwamba walionufaika zaidi ni vijana waliokaa na mlezi mmoja kwa mwaka au zaidi, na kwamba wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Kwa hiyo mlezi anayetoweka hamwachi kijana pale alipomkuta. Humwacha chini zaidi, na kijana ambaye tayari baba yake aliondoka nyumbani huumia mara mbili.

Ndiyo maana nawashauri wanachuo wapewe kazi ya makundi, kama vile kusaidia masomo siku za Jumamosi, na malezi ya mtu mmoja kwa mmoja wapewe wenye makazi ya kudumu mjini: fundi, muuguzi, mfanyabiashara wa asali, na hasa mwalimu mstaafu, ambaye anaijua shule vizuri lakini hana tena mamlaka ya kuogopwa.

Usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haukwepeki, nanyi andikeni katiba inayomtenganisha mwanzilishi na kazi ya mweka hazina. Ulinzi wa vijana nao uandikwe kabla ya kumpokea mlezi wa kwanza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo karibu wote mtakaowalea ni watoto: mzazi aridhie, mikutano ifanyike mahali pa wazi, na kila mlezi amjue afisa ustawi wa jamii wa eneo lake pamoja na namba 116, simu ya msaada kwa watoto.

Mlezi akilazimika kuhama, amwambie kijana mwenyewe, mapema, wala asimwachie mwalimu kazi hiyo. Kisha mlezi mpya aletwe wakati yule wa zamani bado yupo, wakutane wote watatu zaidi ya mara moja, na mwalimu msimamizi aendelee kumwangalia kijana huyo kwa ukaribu katika muhula mzima unaofuata.