Draya Inazunguka, Nguo Hazikauki

Taulo zilitoka kwenye draya, mashine ya kukaushia nguo, kwa mara ya tatu zikiwa za moto, lakini ukizishika bado mbichi. Nikajiambia hita, kile kipande kinachotoa joto, imekufa. Nikanunua nyingine, nikaifunga mwenyewe kwa kujiamini kabisa, na taulo zikatoka vilevile.

Jibu nilikuwa nalo mkononi: taulo zilikuwa za moto! Hita iliyokufa ingezitoa baridi. Kilichokosekana ni upepo. Joto huutoa unyevu kwenye nguo, lakini hewa ndiyo inayoubeba hadi nje. Ikikwama, nguo zinazunguka ndani ya mvuke wake zenyewe.

Basi nikaanza na chujio la kunasa nyuzi za nguo, ambalo nilijisifu kulisafisha kila mara. Nikalikinga chini ya bomba la maji. Maji yakatuama juu ya wavu kama kwenye sahani! Zile karatasi za kulainishia nguo, zinazowekwa ndani ya draya pamoja na nguo, zilikuwa zimeacha utando usioonekana kwa macho. Nikausugua kwa mswaki mkuukuu, maji moto na sabuni, mpaka maji yakapita.

Kisha nikachomoa plagi na kuivuta mashine. (Ya gesi, funga kwanza valvu, na usiivute kwa nguvu.) Bomba la kutolea hewa lilikuwa limebanwa na ukuta hadi likapondeka, na ndani nyuzi zimeshikamana kama kipande cha blanketi. Nyuzi hizo hushika moto upesi, kwa hiyo usizichekee. Bomba la plastiki litupe, weka la bati gumu, fupi, lenye kona chache. Halafu washa mashine uende nje: kifuniko cha bomba kinyanyuke na upepo usikike mkononi.

Draya isiyo na bomba la nje hukusanya maji kwenye tangi; mwaga maji hayo, safisha na kondensa yake, yaani sehemu inayogeuza mvuke kuwa maji.

Draya ikizima mapema nguo zikiwa mbichi, futa kwa siki vile vipande viwili vya chuma ndani ya pipa; ndivyo vinavyopima unyevu. Nguo zikitoka kwenye mashine ya kufulia zinachuruzika, draya haina kosa, ukamuaji ndio mbovu.

Zikitoka baridi kabisa, hapo ndipo fundi apime hita na fyuzi ya joto, ile inayokata umeme joto likizidi. Fyuzi hiyo mara nyingi hukatika kwa sababu bomba limeziba, kwa hiyo ukiibadilisha bila kuzibua bomba, utainunua tena.

Hita niliyoitoa ilikuwa nzima. Bado ninayo kwenye droo.